Bunduki Ndefu Nyuma ya Mlango

Jioni moja ya mwaka 2020, tulipokuwa tukisahihisha madaftari ya wanafunzi, mtu alibisha hodi mlangoni petu. Alikuwa mzazi wa mmoja wa watoto wetu wa darasa la sita, mtu wa makamo, mkulima na mfugaji wa upande wa Muheto, huko ambako milima ya Masisi yaelekea misitu ya Walikale. Tulimpa kiti. Aliketi, akavua kofia yake, akanyamaza kitambo. Mwisho akasema: «Mwalimu, nimekuja kutaka shauri. Nimeonyeshwa bunduki.»

Habari yake ilikuwa fupi. Juma lililotangulia wezi walikuja usiku, wakafungua zizi, wakaondoka na ng'ombe wawili. Mdogo wake alijaribu kuwazuia, wakampiga kwa kitako cha bunduki hata akavunjika mkono. Siku tatu baadaye mtu mmoja mpitaji alimwendea shambani, akamwonyesha bunduki ya zamani, ndefu, yenye mti uliofika karibu na mdomo, pamoja na risasi tano zilizofungwa katika kitambaa. Bei yake mtamba mmoja. Jibu alitakiwa kulitoa siku ya soko.

«Wewe umesoma, Mwalimu,» akasema. «Niambie: niinunue au niiache? Na nikiinunua, niitengenezeje hata ifae kulinda nyumba?»

Hatukumjibu usiku ule. Ni rahisi sana kumwambia mtu «Usinunue» ikiwa ng'ombe walioibwa si wako, na mkono uliovunjika si wa ndugu yako. Tulimwambia: «Baba, tupe siku mbili.» Katika siku hizo mbili tulisoma tuliyoweza kusoma, tukamwuliza askari mmoja mzee aliyestaafu, tukawauliza wazee wa baraza. Haya tuliyoyapata twayaandika hapa, wasomaji wapenzi, maana swali la mzazi yule si lake peke yake. Katika milima yetu wako wababa wengi waliolala macho wakijiuliza neno hilohilo.

BUNDUKI NDEFU ZILIKOTOKA

Katika Kinyarwanda, upinde huitwa umuheto. Hatusemi kwamba Muheto ilipata jina lake kwa sababu hiyo, lakini neno lenyewe latukumbusha jinsi babu zetu walivyolinda nyumba zao: kwa upinde, kwa mkuki, kwa mbwa, na kwa ukelele wa jirani. Bunduki ililetwa na wageni.

Zile za kwanza kujulikana sana katika mashariki ya Kongo zilikuja na misafara ya pwani katika karne ya 19, siku za Tippu Tip na wenzake waliofika Maniema kutafuta pembe na watumwa. Nyingi zilikuwa gumegume na magobore, yaani bunduki za kushindiliwa baruti kwa mdomoni. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutanika Brussels yalitia sahihi mapatano, wakakataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka mstari wa 20 wa kaskazini hata ule wa 22 wa kusini. Gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba ziliruhusiwa kwa masharti. Hivyo Mwafrika aliachiwa bunduki dhaifu, na ile yenye nguvu akaishika askari wa Serikali. Gobore la kufuliwa na mafundi wetu, liitwalo pupu katika Kongo, ni mjukuu wa siku zile.

Askari wa Force Publique walibebeshwa kwa miaka mingi bunduki ya Kibelgiji iitwayo Albini, ya risasi moja moja. Mwaka 1889 kiwanda cha FN kilianzishwa huko Herstal, karibu na mji wa Liège, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za namna ya Mauser. Bunduki hiyo ina urefu wa sentimita 127 hivi, na uzito wa kilo 4. Yachukua risasi 5, na kila baada ya kupiga sharti uvute komeo na kulirudisha kwa mkono. Upande wa Waingereza, King's African Rifles walibeba Lee-Enfield, yenye risasi 10. Vita vikuu viwili vilipokwisha, bunduki za namna hizo zilibaki kwa maelfu katika maghala, katika vituo vya polisi, na mikononi mwa watu.

Tena ikaja FAL ya Kibelgiji, ambayo mwenye kuipiga havuti komeo kwa kila risasi. Na baada yake Kalashnikov, bunduki fupi ya sentimita 87, ambayo leo hata mtoto wa shule aitambua kwa sauti. Kila vita viliacha mabaki yake. Hapa kwetu palikuwa na mapigano ya Kanyarwanda katika miaka ya sitini. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, wilaya ya Walikale, na moto ule ukaenea Masisi yote. Maelfu walikufa, na watu wapata robo milioni walihama makwao. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya milioni moja walivuka toka Rwanda kuingia Kivu, na katikati yao majeshi yaliyoshindwa pamoja na silaha zao. Zikafuata vita vya 1996 na 1998.

Kwa hiyo mtu aonyeshwapo bunduki ndefu kuukuu katika milima yetu, yampasa kujua kwamba chuma kile kimeishi kuliko mwenyewe. Pengine kilishikwa na askari, kisha na mwindaji, kisha na mwizi, kisha na mlinda kijiji. Muuzaji hasemi hata nusu ya habari hiyo, na pengine mwenyewe haijui.

KUICHUNGUZA BUNDUKI KUUKUU

Mzazi wetu alisema: «Mti wake wang'aa vizuri.» Askari yule mzee alipoambiwa neno hilo alicheka. Mti hupakwa mafuta kwa robo saa. Lililo la maana limefichika ndani ya kasiba.

La kwanza ni kutu. Risasi nyingi za zamani zilikuwa na fataki zenye chumvi ndani yake. Ukiisha kupiga, chumvi ile hubaki katika kasiba na kuvuta unyevu wa hewa. Zamani askari walifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya kasiba baada ya kupiga, kisha kuikausha na kuipaka mafuta. Aliyepaka mafuta tu bila kuosha alifunika chumvi, na kutu ikamla chini kwa chini. Sasa fikiri juu ya Masisi, penye ukungu na mvua sehemu kubwa ya mwaka, na bunduki iliyofukiwa ardhini miaka mitano ndani ya gunia. Mifuo inayoizungusha risasi hata iende sawa huliwa yote. Kasiba ikiwa imepata uvimbe au ufa, hiyo si bunduki tena; ni baruti iliyofungwa mbele ya uso wako.

La pili ni komeo. Risasi inapolipuka, nguvu yake hurudi nyuma kama isukumavyo mbele, na komeo ndilo linalozuia. Likiwa limelika, au limetolewa katika bunduki nyingine na kutiwa kwa nguvu katika hii, nafasi kati yake na kitako cha risasi huzidi. Ganda laweza kupasuka, na moto ukamrudia mpigaji machoni. Nafasi hiyo hupimwa kwa vyombo maalum, jicho haliioni. Fundi wa nyundo na mvukuto, hata awe hodari wa majembe na mapanga, hawezi kuipima.

La tatu ni risasi zenyewe, na hapa wengi wameumia. Mauser ya Kibelgiji yataka risasi ya milimita 7.65, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 53. FAL yataka 7.62, ganda la milimita 51. Kalashnikov nayo ni 7.62, lakini ganda lake ni milimita 39 tu. Mtu asiyejua huona hesabu hizi zakaribiana, naye hudhani zafanana. Hazifanani hata kidogo. Mwenye kuingiza risasi isiyo ya bunduki ile, au kuitia tezo ili iingie, ajichimbia kaburi. Na risasi zile tano za kwenye kitambaa zaweza kuwa na umri wa miaka hamsini. Risasi iliyozeeka pengine haiwaki. Pengine huchelewa, mpigaji akadhani imekufa, akafungua komeo, nayo ikalipuka mkononi.

Tulimwuliza askari yule: «Basi bunduki ya namna hii hutengenezwaje hata ifae?» Akajibu: «Hupelekwa kwa fundi wa silaha mwenye vyombo, akaifungua yote, akaipima, akabadili vilivyokufa, akaipiga kwanza ikiwa imefungwa kwenye meza, yeye akivuta kwa kamba toka mbali. Je, huyo mzazi anaye fundi huyo Muheto?» Hatukuwa na jibu.

NYUMBA NDOGO, BUNDUKI NDEFU

Haya tuseme bunduki ni nzima na risasi ni mpya. Je, yafaa kulinda nyumba?

Bunduki hizi zilitengenezwa kwa ajili ya askari aliyelala uwandani, akimpiga adui aliye mbali mamia ya mita. Nyumba zetu za udongo na mbao zina mlango ambao mtu mrefu huinama kuupita. Mwenye bunduki ya sentimita 127 hawezi kuigeuza upesi gizani kati ya kitanda, mitungi na watoto waliolala. Aligusapo mlango kwa mdomo wa bunduki, aliye nje aweza kuukamata. Na akikosa risasi ya kwanza, sharti avute komeo, arudishe, alenge tena, ilhali wezi hawaji mmoja.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Risasi ya bunduki hizi haikomi katika ukuta wa udongo. Yapita ukuta wako, yapita uzio wa miti, yapita ukuta wa jirani, na ikikosa kizuizi yaweza kuua mtu aliye mbali zaidi ya kilomita mbili. Katika kijiji ambacho nyumba zimebanana kilimani, mpigaji aliyeogopa, asiyeona vema, hampigi mwizi tu. Ampigia risasi kila mtu aliyelala nyuma ya mwizi.

Na mchana je? Bunduki yakaa wapi? Hapa ndipo tulipoiona shida yenyewe. Sheria ya kwanza ya mwenye silaha, popote duniani, ni kuiweka bila risasi, imefungwa kwa kufuli, na risasi mahali pengine, ili mtoto asiifikie. Lakini iliyofungwa hivyo haitakuwa tayari mwizi afikapo saa nane za usiku. Na iliyo tayari, yenye risasi ndani, imeegemezwa nyuma ya mlango, ndiyo ambayo mtoto wa miaka minane ataishika siku mama aendapo kisimani. Mwenye nyumba ya chumba kimoja au viwili hana njia ya tatu. Hana budi kuchagua kati ya mwizi ajaye labda mara moja kwa mwaka, na watoto wake walio ndani kila siku.

Twawaambia na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu: mkiona bunduki, iwe ya zamani, iwe imevunjika, msiiguse. Ondokeni, mwambieni mtu mzima. Hakuna bunduki iliyo tupu mpaka ajuaye ameifungua na kuihakikisha.

SHERIA YASEMAJE

Mzazi wetu hakuwa amefikiri sana juu ya sheria, maana katika milima yetu Serikali mara nyingi huonekana kama mgeni apitaye. Lakini sheria ipo. Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 ndiyo iliyoweka utaratibu wa silaha na risasi katika nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire. Raia hawezi kuwa na bunduki bila kibali cha wakubwa wanaohusika. Bunduki iliyonunuliwa kwa mpitaji kwa mtamba mmoja haina kibali, na haiwezi kukipata, maana hakuna ajuaye ilikotoka. Labda iliibwa katika kituo cha polisi. Labda imeua mtu. Siku itakapokamatwa, mwenye kuishika ndiye atakayeulizwa.

Mwaka uliofuata maongezi yetu jambo hilo lilizidi uzito. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya kuzingirwa ilianza kutumika katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Madaraka ya raia yalikabidhiwa kwa wanajeshi na polisi, na makosa ya raia yakaanza kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Mbele ya hakimu wa namna hiyo, kusema «nilitaka kulinda ng'ombe wangu» si utetezi mwepesi.

JE, BUNDUKI HULINDA?

Yafaa tuwe wa kweli. Wako watu ambao bunduki iliwalinda, na wako walionyang'anywa bunduki wakaangamia. Huko Karamoja, katika Uganda, Serikali ilianza kukusanya silaha za wafugaji mwishoni mwa mwaka 2001. Waliotii walizitoa. Lakini mapema mwaka 2002 majeshi mengi yaliondolewa kwenda vitani mahali pengine, na waliotoa bunduki wakavamiwa na majirani ambao hawakuzitoa. Mwenye kumwambia mfugaji aache silaha bila kumpa ulinzi, amwambia akae uchi penye baridi.

Huko Kenya ya kaskazini, Serikali yenyewe iligawa bunduki kwa raia waliojitolea kuwa askari wa akiba, nyingine zikiwa Lee-Enfield za zamani, wapate kulinda mifugo. Zilisaidia mahali fulani. Mahali pengine zilitumika katika wizi uleule zilioletwa kuuzuia. Mwaka 2019 Serikali ilianza kuzikusanya, na miaka michache baadaye ikaanza tena kuwaandikisha askari hao kwa utaratibu mpya. Tofauti yapasa kuonwa: bunduki zile ziliandikwa daftarini, zina namba, na mwenye kuishika ana mkubwa wa kumjibu.

Wazee wetu wa baraza walisema neno jingine, na hilo lilitugusa zaidi. Walisema: «Katika Masisi bunduki haifichiki. Siku ya kwanza ajua mkeo. Ya pili, jirani. Ya tatu, wajua watu wa msituni. Nao wakijua, watakuja kuichukua, au watakuja kukuchukua wewe pamoja nayo.» Mwenye bunduki huitwa kwenda kupigana, apende asipende. Tena jirani asemaye lugha nyingine, akisikia kwamba umenunua bunduki, hadhani umeinunua kwa ajili ya wezi. Adhani umeinunua kwa ajili yake. Naye atauza mtamba wake. Mzee mmoja aliyeona mambo ya mwaka 1993 kwa macho yake alisema kwamba hata wakati ule wengi walisema wanajilinda tu.

Na dini yetu je? Kanisa halimkatazi baba kulinda maisha ya watu wa nyumbani mwake. Lasema ni haki, na kwa aliyekabidhiwa maisha ya wengine laweza kuwa wajibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba anayejilinda hana hatia, ila asitumie nguvu kuliko ilivyo lazima. Twamwona mwalimu huyo mkuu akiweka kipimo. Maisha ya mtoto ni jambo moja. Ng'ombe ni jambo jingine. Mtu atakayempiga risasi mgongoni mwizi anayekimbia na mbuzi, huyo amevuka kipimo.

WENZETU WA SHINYANGA

Tulipokuwa tukitafuta tulikumbuka habari za wenzetu wa Tanzania. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilienea, na wizi wa ng'ombe ukazidi mno katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, upande wa Kahama na Shinyanga, wanakijiji walijiunga pamoja wakaitwa Sungusungu, jina la wale sisimizi waumao kwa pamoja. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, silaha zile za babu. Nguvu yao haikuwa katika mshale, ilikuwa katika ukelele. Mwizi akionekana, filimbi ya kijiji cha kwanza yaamsha cha pili, cha pili cha tatu, na watu wakaziba njia mbele yake. Ng'ombe hawezi kukimbia kuliko sauti. Wizi ulipungua mahali pengi, na mwaka 1989 sheria ya nchi ile iliwatambua.

Lakini nao walikuwa na makosa yao, na si haki kuyaficha. Waliwapiga watu wasiohukumiwa. Waliwafukuza wanawake wazee kwa kuwashitaki uchawi. Ulinzi wa kijiji usio na mtu wa kuuonya hugeuka kuwa mwizi wa namna nyingine. Kwa hiyo mwenye kuiga na aige ukelele, aache fimbo.

SHAURI LA MUHETO

Siku ya pili jioni mzazi wetu alirudi. Tulimwambia haya yote, moja baada ya moja, bila kumficha habari ya Karamoja. Alisikiliza akitazama chini. Tulipokwisha aliuliza neno moja tu: «Na mtoto wangu wa miaka minane, mwaonaje, angeifikia?»

Tukamjibu: «Baba, wewe ndiwe ujuaye nyumba yako.»

Akasema: «Angeifikia.»

Siku ya soko alikwenda na mtamba wake, akarudi nao. Kisha, kwa ushauri wa wazee, nyumba kumi na moja za kilima kile zilifanya mapatano. Mazizi matatu yaliyokuwa mbalimbali yaliunganishwa kuwa moja, katikati ya nyumba, yenye uzio wa miti miwili miwili na mlango mmoja tu. Mbwa wanne walipatikana. Vijana walikesha kwa zamu, wawili wawili, wa lugha mbalimbali kwa makusudi, ili pasiwepo zamu ya kabila moja. Kila nyumba ilipewa filimbi au debe la kupiga. Walikubaliana pia kwamba mtu akikamatwa atapelekwa kwa mkubwa wa kijiji akiwa mzima. Neno hilo la mwisho ndilo lililobishaniwa zaidi, nao walikesha usiku mzima kabla ya kulikubali.

Je, wezi walikoma? Hawakukoma. Miezi minne baadaye walikuja tena. Mbwa walilia, madebe yakapigwa toka kilima hata kilima, mienge ikawashwa. Wezi walipiga risasi mbili juu, wakakamata mbuzi wawili waliokuwa karibu, wakakimbia. Ng'ombe wote walibaki. Hakuna aliyekufa. Mzazi wetu alituambia baadaye: «Mwalimu, usiku ule niliitamani bunduki ile mpaka mikono ikatetemeka. Asubuhi nikaona kwamba kijana wa zamu alikuwa amesimama palepale ambapo ningepiga.»

Hatutaki kumdanganya msomaji. Debe na filimbi hufaa kwa wezi wa usiku. Jeshi likija, debe halifai, na bunduki ya risasi tano haifai vilevile. Siku za kwanza za Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa M23. Tarehe 19 Machi mwaka huohuo walifika hata mji wa Walikale, ambao waliuacha mwanzoni mwa Aprili. Watu wa milima yetu walikimbia, kama walivyokimbia mwaka 1993 na mwaka 1996. Mzazi yule naye alikimbia na mkewe na watoto watano, na ng'ombe wake akawaacha. Njiani walisimamishwa na watu wenye silaha, ambao hakuwajua ni wa upande gani. Walifungua mizigo yote, magodoro, masufuria, hata gunia la maharagwe. Walikuwa wakitafuta kitu kimoja tu. Hawakukipata, wakawaachilia.

Alituletea habari hiyo mwenyewe, akiwa ameketi mbele yetu juu ya kiti kilekile. Ng'ombe hana tena. Mkono wa mdogo wake umepona, ila haunyoki sawasawa. Mtoto aliyekuwa na miaka minane sasa ni kijana, naye alikuwa amemngojea baba yake nje, akisoma.

Tulimwuliza kama amewahi kusikia habari ya mtu yule aliyemwonyesha bunduki. Akasema alisikia kwamba iliuzwa kilima cha pili. «Nani aliinunua?» tukauliza. Alitikisa kichwa. Akavaa kofia yake, akatuaga, akatoka nje kwa mwanawe.